Walivyompongeza Mama kwa Kuvimba

Wewe unayesoma, umewahi kumpongeza mtu kwa ugonjwa wake? Usikimbilie kukataa. Si ni wewe uliyekutana na jirani juzi, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, ukamwambia, "Eeh, naona maisha yamekukubali!" Ulimpima na nini? Macho tu. Basi kaa hapo, maana mimi siku hizi nina muda wa kutosha. Nchi ilinisomesha hadi chuo kikuu, kisha ikanipa likizo isiyo na mwisho.

Nilipokuwa mtoto, tukikaa Kyebando na Mama akiuza maharagwe na karanga soko la Kalerwe, mwili mnene ulikuwa ushahidi. Ushahidi wa nini? Kwamba huna ule ugonjwa. Kampala ilikuwa imezika watu wengi sana waliokonda, na Waganda waliuita ukimwi huo silimu, kutoka "slim" ya Kiingereza, kwa sababu ulimla mtu nyama zote akabaki macho na meno. Shangazi yangu Rosa, dada ya Baba, ulimmaliza kwenye chumba chetu cha nyuma, na Mama ndiye aliyemwosha mpaka mwisho. Kwa hiyo ukikonda, hata kama umekondeshwa na malaria au na mapenzi, watu walishusha sauti ukipita. Ukinenepa, walishangilia. Hakuna aliyeuliza umenenepa na nini. Nani ana muda wa kuuliza, bana? Mnene ni mzima, tumemaliza.

Mama alikuwa Mkenya wa Bungoma aliyemfuata Baba Kampala. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na alikuwa anakuja na kupotea kama umeme wa Kyebando. Kwa hiyo nyumba ilimtegemea Mama, na Mama alilitegemea soko, na pale sokoni alimtegemea Nalongo.

Nalongo si jina, ni heshima. Waganda humpa mwanamke aliyezaa mapacha, na akishapewa, jina lake la kwanza watu wanalisahau. Meza yake ya nyanya na vitunguu iligusana na ya Mama. Mmoja akienda msalani mwingine anauza za wote wawili. Alikuwa na sauti ya kuvuta wateja kutoka ng'ambo ya barabara, na Kiswahili chake alikiokota kwa wanajeshi waliokuwa wanakula kwenye mgahawa wa mama yake zamani. Kwa hiyo hata akikubembeleza ungedhani anakukamata.

"Mama Nekesa! Wewe! Simama hapo!" Hiyo ilikuwa asubuhi moja nikiwa likizo, nimemsindikiza Mama. Nekesa ni mimi. "Hii sura natoka wapi? Ng'ogezze! Banange, jamani, kuja mwone huyu Mkenya namna nanona!"

Ng'ogezze maana yake ni ulivyonenepa wewe! Wanawake wa meza za jirani wakageuka. Kweli, uso wa Mama ulikuwa umejaa, macho yamebaki mistari miwili, ngozi imenyooka kama ya msichana.

"Nalongo, niache," Mama akasema huku akicheka. "Ni usingizi tu, nimelala vizuri."

"Usingizi? Mimi nalala kila siku, yangu iko wapi? Sema kweli, bwana yako nakulisha nini huko ndani ya lori?"

Soko likaangua kicheko. Wakamvuta Mama hadi kwa mwenye mizani ya magunia, ile ya kukanyaga juu, wakamshusha gunia la mahindi wakampandisha yeye. Mshale ukasogea, ukapita pale walipotarajia, na wakapiga vigelegele kama mtu kafaulu mtihani. Mama aliteremka akiwa na haya, lakini alifurahi, niliona. Mwanamke aliyemwosha wifi yake akiwa mifupa mitupu, leo mizani inamwambia yeye hatakufa hivyo. Ungekuwa wewe usingefurahi?

Mimi nilikuwa na swali ambalo sikujua kuliuliza. Mama hakuwa anakula. Ugali aliugusa kama mtu anayeonja mchuzi, akasukuma sahani kwangu. Alisema tumbo limejaa. Limejaa nini, na tangu asubuhi amekunywa chai kavu tu? Mara nyingine harufu ya samaki wa kukaanga ilimtoa nje akashike ukuta. Mtu hali, na kila wiki anazidi. Leo ningeambiwa hivyo na mtu yeyote ningemshika mkono tukimbie. Mizani haina akili: nyama ni kilo, mafuta ni kilo, na maji yaliyokwama ndani ya mtu nayo ni kilo. Ukiona uzito unapanda haraka na sahani inarudi jikoni na chakula chake, hicho si kunenepa. Kuna kitu kinajaa.

Basi akaja Kukhu. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa Mama, mwembamba, mkali, anatembea na kanga mbili na maoni juu ya kila kitu. Alishuka kwenye basi la Bungoma na kuku mmoja na unga wa wimbi. Siku aliyokwenda kuliona soko, alimsikia Nalongo akimsifu binti yake mbele ya dunia nzima. Hakucheka. Tulipofika nyumbani alimkalisha Mama kwenye kigoda.

"Usikubali watu wakusifu mwili mchana kweupe," akamwambia. "Jicho huingilia usoni. Likishaingia, jioni linashuka miguuni. Likizoea miguuni, halitoki tena."

"Mama, hayo ni ya kijijini. Huku ni mjini."

"Jicho nalo linapanda basi, mwanangu."

Mimi nilikuwa nachambua mawe kwenye maharagwe, na mkono wangu ulisimama. Nilianza kumchunguza Mama tangu saa ile, na sikuwa na raha tena. Asubuhi namwangalia uso, jioni namwangalia miguu. Na kwa jina la Mungu, ilikuwa vile Kukhu alivyosema. Asubuhi uso umejaa na miguu iko kawaida. Mchana kutwa anasimama sokoni. Jioni uso umepungua, na miguu imefura mpaka kamba za sandali zimezama ndani ya nyama. Siku moja sandali zilikataa kabisa, akarudi nyumbani pekupeku, amezishika mkononi, anajifanya ni joto.

Kukhu alimkalisha tena, akamshika mguu, akaubonyeza na kidole gumba juu ya mfupa wa muundi. Alipokitoa kidole, shimo lilibaki. Tulilitazama lile shimo sote watatu. Halikurudi. Lilikaa pale kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, na Mama akavuta gauni lake haraka akalifunika.

"Nilisema," Kukhu akasema kwa sauti ndogo.

Sasa, habari ya mguu kuvimba huwezi kuificha kwenye nyumba za kupanga za Kyebando. Majirani walishajua, na walikuwa na jina tayari: ettalo. Ukikaa Buganda utalisikia. Ni uchawi unaotegwa njiani. Mtu mwenye wivu anazika kitu mahali unapopita, unakikanyaga, mguu unavimba mpaka ufe au ufunguliwe. Kukhu alileta jicho lake kutoka Bungoma, majirani wakaleta ettalo lao, na vitu hivyo viwili vikaoana bila mahari. Nani alimwonea wivu? Nani alimsifu zaidi ya wote, akaita watu, akampandisha mizani? Nani anajua njia anayopita kila siku, maana wanatembea pamoja?

Hakuna aliyelitaja jina. Hakukuwa na haja.

Mama alikataa, nakumbuka. "Nalongo? Nalongo aliyelala na mimi hospitali wakati wa kujifungua Nekesa? Acheni ujinga." Lakini alilisema akiwa kitandani, maana sokoni hakuweza kwenda tena, na mtu aliyelala habishani vizuri. Kukhu alimleta mganga mmoja kutoka bondeni, jamaa mwenye shati safi na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Alimchanja Mama kuzunguka vifundo vya miguu. Haikutoka damu. Yalitoka maji. Maji meupe, yakatiririka juu ya ngozi yakalowesha mkeka.

"Mnaona?" yule jamaa akasema. "Damu imeshaibiwa."

Leo najua kwa nini yalitoka maji. Mguu uliojaa maji ukiuchanja unatoa maji, kama vile kidumu kilichojaa mafuta hakitoi maziwa. Lakini mwambie hayo mtoto aliyekaa pembeni akimwona mama yake hana damu. Nililia hadi nikatolewa nje.

Aliacha dawa ya mizizi kwenye kidumu cha manjano, chungu kuliko nyongo, anywe asubuhi na jioni. Ilimharisha. Tumbo ambalo lilikuwa limekataa chakula sasa likakataa hata uji. Na ilikuwa kazi yangu kumwaga beseni lake la haja ndogo asubuhi, kwa sababu hakuweza kufika chooni. Mkojo ulikuwa na povu. Si vile vipovu vinavyopasuka ukihesabu kidogo tu. Lilikuwa povu zito, jeupe, kama umetikisa sabuni, na lilikaa. Nilimwita Kukhu aje aone.

Kukhu alimwita yule jamaa. Yule jamaa aliinama akatazama, akatabasamu. "Ndiyo hiyo. Uchawi unatoka."

Na Kukhu akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, cha mtu aliyeogopa sana na sasa anashukuru. Majirani wakaja mlangoni, wakampa Mama hongera, mgonjwa wa watu amelala hana nguvu hata ya kuitikia. Hesabu mwenyewe: hiyo ilikuwa mara ya pili kumpongeza.

Kule Kalerwe, Nalongo alikuwa anauza peke yake. Wateja wa Kikenya waliacha nyanya zake kwanza, halafu Waganda wenzake nao wakaanza kupita mbali. Mtu mmoja alimwaga majivu mbele ya meza yake. Nalongo alituma salamu kwa Mama zikarudi. Alituma ndizi, Kukhu akazitupa kwenye mtaro bila kuzigusa kwa mkono, alitumia ufagio.

Jumapili moja baada ya ibada, jua likiwaka, wapangaji wote wako uani wanafua na kupika, Nalongo aliingia langoni amevaa gomesi, lile gauni lake la kanisani, mabega yamesimama. Kukhu alitoka akasimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Rudi ulikotoka."

"Jjajja, shikamoo," Nalongo akamwita bibi kwa Kiganda. " Mimi nataka ona rafiki yangu."

"Umemwona vya kutosha. Macho yako ndiyo yamemlaza."

"Macho yangu?" Nalongo akacheka. "Kama macho yangu iko na nguvu hivyo, kwa nini mimi bado nauza nyanya?"

 Akasogea pembeni, akachungulia juu ya bega la Kukhu. Mama alikuwa ameegemezwa ukutani kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Uso haukuwa uso tena, ulikuwa puto. Midomo imepauka. Nilikuwa nimekaa miguuni pake nikimpepea, kwa hiyo nilimwona Nalongo vizuri alipomwona Mama. Kitu kilizimika machoni pake. Akarudi nyuma. Akaangalia ua mzima, mtu mmoja mmoja, wale waliomjua miaka yote na wamekunja mikono.

Halafu akasema, kwa ile sauti ya kuvuta wateja ng'ambo ya barabara:

"Sawa! Ni mimi!"

Sufuria ya mtu fulani ilikuwa inaungua, na hakuna aliyeenda kuiepua.

"Ni mimi naloga yeye. Nafurahi sasa? Mimi! Nalongo!" Akajipiga kifuani. "Na huyo mwongo wa bondeni hapana weza fungua. Dawa yake nakazia tu fundo. Mimi peke yangu najua wapi iko dawa ya kufungua. Iko hospitali ya Mulago. Naiacha huko kwa musawo, daktari ya koti nyeupe. Lakini iko masharti."

Kukhu alishusha mwiko. "Masharti gani?"

"Aende leo. Si kesho. Apeleke mkojo yake. Ile maji ya bondeni amwage, hata tone asikunywe. Na chochote musawo nasema, nafuata. Leo ikipita, mimi pia hapana weza."

"Utamfungua kweli?"

"Jjajja, mimi ndiye nafunga!"

Kukhu ambaye hangesikiliza muuguzi, mchungaji wala redio, alimtii mchawi. Alikimbia kutafuta kanga. Ndani ya muda mfupi boda boda ilikuwa langoni, Mama kati, Nalongo nyuma amemkumbatia asianguke, gomesi inapeperuka. Sisi wengine tulifuata kwa miguu, tukashuka Kalerwe tukapanda upande wa pili. Si mbali! Hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Majengo ya Mulago tulikuwa tunayaona kila siku kutoka sokoni, kama mtu anavyoona mlima ambao hana kazi nao.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Hakumtazama Mama unene wala wembamba. Alimpima presha, akakunja uso, akapima tena. Akaomba mkojo. Akachovya kijikaratasi chembamba chenye viraka vya rangi, na kiraka kimoja kikageuka kutoka manjano hadi kijani kizito mbele ya macho yangu. Nilisahau kulia. Sijawahi kuona kitu kinajibu haraka hivyo.

"Kuna dawa ya mitishamba anakunywa?" daktari akauliza.

Kukhu akatazama dari.

Alitueleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha na mikono. Figo ni kama machujio mawili, hukaa nyuma, chini ya mbavu. Zinachuja damu, uchafu unakwenda kwenye mkojo, vitu vizuri vinabaki. Za Mama zilikuwa zimetoboka. Protini, ile inayotoka kwenye maharagwe na mayai, ilikuwa inavuja kwenda nje, na ndiyo iliyofanya povu. Damu ikipungukiwa na hiyo haiwezi kushika maji yake, nayo figo zinazidi kurundika chumvi na maji mwilini. Yanatorokea kwenye nyama. Ukilala yanakwenda usoni. Ukisimama mchana kutwa yanateremka miguuni.

Kwa hiyo Kukhu alikuwa ameiona njia sawasawa, kutoka usoni hadi miguuni, asubuhi hadi jioni. Ila msafiri wa njia hiyo, yaani maji, ndiye Kukhu aliyempa jina la uongo.

Kukhu alisikiliza yote, kisha akamgeukia daktari kwa heshima kubwa. "Sasa, amemfungua?"

"Nani amemfungua nani?"

"Nafungua, Jjajja, nafungua," Nalongo akamkatiza haraka. "Wewe nyamaza, usiharibu."

Mama alilazwa muda mrefu. Alipewa dawa za kutoa maji, dawa za presha, dawa nyingine ambazo majina yake nilikuja kuyajua nikiwa na vitabu mkononi. Maji yalitoka. Yalitoka mpaka akarudi nyumbani mwembamba, mashavu yamebonyea, kanga inamzunguka mara mbili. Na siku aliporudi sokoni, akiwa amepona kuliko alivyokuwa miezi mingi, unajua walimpokeaje? Kwa kushusha sauti. Mmoja alimshika mkono akamwambia, "Bambi, maskini, jikaze, siku hizi dawa zipo." Walidhani ni silimu. Akiwa anazama kwenye maji yake mwenyewe walipiga vigelegele, na alipookolewa wakaanza kumlilia.

Lakini hilo lilipita. La Nalongo halikupita.

Mama alizunguka meza kwa meza, akieleza: ni figo, nilipimwa, Nalongo hakunifanyia lolote, alisema vile ili mnipeleke. Wakamsikiliza, wakatikisa kichwa kwa huruma. "Lakini alikiri mwenyewe. Na alipokubali kufungua, wewe si ulipona?" Utajibu nini hapo? Kupona kwa Mama ndiko kulikomhukumu rafiki yake. Angekufa, huenda wangesema ugonjwa.

Nilikuwepo siku Nalongo alipofunga meza yake. Mama alikuwa analia, anamuuliza, "Kwa nini ulisema vile? Ungesema hata uongo mwingine."

"Uongo gani ungesikika?" Nalongo alikuwa anapanga nyanya kwenye kreti, zilizolainika upande wake, nzuri upande wake. "Wewe fikiri. Kyebando yote nasema ni mimi. Mimi peke yangu najua sikuloga mtu. Sasa kama si mimi, ni ugonjwa. Hiyo akili nalikuwa nayo mimi tu. Ningewaachia wao, wewe ungekufa."

Akahamia upande wa Mityana, kwa watu wake. Mama humtembelea mpaka sasa, anapanda basi na sukari na sabuni. Huko Nalongo ni mama wa nyanya tu, na kila mara Mama anapofika huombwa jambo moja: asisimulie habari za Kalerwe, hata kwa nia ya kumsafisha. Neno hilo, Nalongo anasema, ukilitaja hata kwa kulikanusha, watu wanabaki nalo.

Kukhu alikufa akiamini alifanya la maana, na sina hasira naye. Alikuwa na macho mazuri na hakuwa na kipimo. Aliona uso, akaona miguu, akaona povu, akabonyeza mahali penyewe ambapo daktari hubonyeza. Mpe mtu dalili zote usimpe jibu, atajitengenezea. Hasira yangu iko kwingine.

Mama yuko hai. Nguvu iliyobaki ya figo zake ni ya kubembeleza: chumvi kwa kipimo, hakuna kumeza dawa za maumivu kiholela, hakuna kidumu cha mizizi cha mtu yeyote hata awe askofu, presha inapimwa, mkojo unapimwa. Na uzito wake ni wa kawaida tu, ule ambao haumfurahishi mtu sokoni wala kumwogopesha. Kuhusu mimi, kile kijikaratasi kilichogeuka kijani kilinipeleka chuo. Nina digrii ya maabara. Nimepiga mlango wa kila kliniki kuanzia Kyebando hadi mjini, wananiambia, "Tutakupigia." Simu yangu iko na chaji siku zote, kwa taarifa yao. Tuko wengi. Tunajua kusoma kipimo cha mkojo kwa dakika chache, na tunashinda nyumbani tukisoma meseji za waume za watu wanaotutongoza.

Majuzi nilipita Kalerwe nikasikia, "Ng'ogezze!" Nikageuka kama nimeitwa. Mwanamke wa makamo, anauza mukene, wale dagaa wa ziwani, macho mistari miwili. Wenzake wanamshangilia. Nilimwendea nikamwambia kwa adabu zangu zote, nnyabo, mama yangu, naomba ubonyeze hapo kwenye muundi, halafu nenda ukapimwe mkojo na presha, huenda si kitu, huenda ni moyo, huenda ni ini, huenda ni figo, lakini macho hayawezi kusema.

Aliniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni. "Msichana, wewe huna bwana, huna kazi, sasa unaona wivu na mwili wangu?"

Soko likacheka. Mmoja akaniuliza kama mimi ni wa ukoo wa wale wachawi. Niliondoka, na tangu siku hiyo silali vizuri, kwa sababu najua ule uso, na najua jioni sandali zake zinambana.

Sasa nawageukia nyinyi mnaosimamia afya ya mji huu, nyinyi wa ofisi zenye viyoyozi na magari yenye vioo vyeusi yanayopita Kalerwe bila kushusha kioo. Sitaki semina. Sitaki fulana mliyochapa maneno mgongoni, wala bango la familia inayocheka. Nataka meza. Meza moja ndani ya soko, na pazia, na choo safi pembeni yake, na vikombe, na vijikaratasi, na mashine ya presha, na mtu wa maabara aliyeajiriwa na anayelipwa mwisho wa mwezi. Mtu huyo mnaye, mlimsomesha wenyewe, mmemwacha anaoza. Iwekeni meza hiyo, na muiweke sasa, kabla mwanamke mwingine hajalazimika kusimama uani na kujiita mchawi ili rafiki yake apimwe mkojo.